Waimbaji Waliokimbilia Mashambani

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 13, kuna habari fupi ambayo sisi wahubiri huipita haraka tukielekea kwenye mambo ya sabato na ndoa. Nehemia alikuwa amerudi kwa mfalme kwa muda. Alipofika tena Yerusalemu, akakuta Walawi na waimbaji hawapo kazini. Hawakuwa wameiacha imani. Mgao wao haukutolewa, kwa hiyo kila mmoja alikwenda shambani kwake kutafuta riziki. Nehemia hakuwaita waimbaji awahubirie habari za kujitoa. Aliwakemea wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, akawarudisha watu mahali pao, akaweka watunza hazina waaminifu, na mgao ukatoka.

Niliisoma habari hii tangu nikiwa chuo cha theolojia na nikaifanyia mtihani. Kuielewa, niliielewa Chiwata, siku ya msiba.

Chiwata iko wilayani Masasi, pembeni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Ni mahali penye historia ndefu ya misheni ya Waanglikana, na Waislamu ni jirani zetu wa mlango kwa mlango. Sisi Walutheri ni wachache. Fedha yetu huja kwa msimu: mnada wa korosho ukifanyika na wakulima wakalipwa, sadaka hupanda, miezi inayobaki tunahesabu sarafu. Kwa miaka sita tulikuwa na mwalimu wa kwaya, kijana aliyefundisha sauti zote nne bila ala, akigonga mguu chini tu. Msimu mmoja alinifuata akasema, kwa adabu kabisa, "Baba Mchungaji, naomba mnifikirie hata ya sabuni na nauli." Nikalipeleka ombi kwenye baraza la wazee, mimi mwenyewe nikiwa mwenyekiti. Tukasema tusubiri, hali ni ngumu. Katika kikao hichohicho tukapitisha ununuzi wa kinanda na spika mbili.

Hakugombana na mtu. Alimaliza kuokota korosho za mama yake, akaenda Mtwara mjini kubeba mizigo. Kinanda kilikuja. Hatukuwa na wa kukipiga. Tukakifunika kanga, kikawekwa ofisini kwangu.

Miezi michache baadaye tulifiwa na mtoto wa miaka minne. Watu walijaa uani, jeneza dogo likiwa juu ya meza. Nilipoanzisha wimbo wa kwanza, niliuanza juu mno. Ubeti wa pili ukatukatikia kooni. Vijana wa kwaya walitazamana, kwa maana walikuwa wameacha mazoezi tangu mwalimu aondoke. Ukimya ule sitausahau. Kisha nyuma kabisa, karibu na mafiga, bibi mmoja akaanza wimbo wa maombolezo kwa Kimakonde. Wengine wakamwitikia, Waanglikana kwa Waislamu, halafu na wetu. Mama wa marehemu, ambaye tangu jana yake alikuwa amekaa kimya kama jiwe, akalia. Ndipo wanawake wakapata namna ya kumshika.

Nasimulia haya kwa sababu mada niliyopewa katika kitabu hiki ni kama kanisa linapaswa kutumia fedha kwa ajili ya sanaa, na nisingependa kuijibu kwa nadharia. Mzee mmoja aliposikia kisa hiki alinijibu mara moja: "Basi umeona! Wale kina mama nani aliwalipa? Sanaa ya kweli haihitaji fedha." Ni hoja nzuri, na kwa muda ilinifunga mdomo. Lakini si kweli kwamba hawakulipwa. Bibi yule alijifunza kuongoza nyimbo katika miaka mingi ya misiba, unyago na ngoma za mavuno. Kila mahali hapo palikuwa na unga, na kuku, na pombe ya wazee, na watu walioacha mashamba yao siku kadhaa ili jambo lifanyike. Nyakanga hafundishi wali bure; ana chake anachopewa, na familia hujipanga mapema. Mpiga ngoma hulishwa. Babu zetu hawakuwa na neno "bajeti," lakini walijua kwamba wimbo hugharimu muda, na muda wa mtu mwenye njaa ni ghali. Walilipa. Sisi kanisani ndio tuliofikiri wimbo huota wenyewe kama majani.

Kwa hiyo swali halisi si kama sanaa ilipiwe au isilipiwe. Daima kuna anayelipa. Tunachopaswa kuuliza ni nani analipa, analipia nini, na kazi inabaki wapi baada ya malipo.

Chukua vinyago. Dunia nzima inalijua jina la Wamakonde kwa sababu ya mpingo uliochongwa. Wachongaji wengi waliojenga sifa hiyo walitoka upande wa pili wa mto Ruvuma, Msumbiji, wakaja Tanganyika kutafuta kazi. Dar es Salaam, katika miaka ya 1950, mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwatia moyo, na ndipo Samaki Likankoa alipoanza ule mtindo wa mashetani. Sitaidharau biashara hiyo. Ililisha familia, ilisomesha watoto, na ilizaa kazi ambazo mkristo hana sababu ya kuziogopa. Kitazame kinyago cha mtindo wa ujamaa: watu wengi wamepandana kutoka chini hadi juu, mmoja amebebwa begani, mwingine ameshika mguu wa mwenzake, mama ana mtoto mgongoni, na wote wametoka katika gogo moja lisilo na kiungo wala gundi. Ukimwondoa mmoja, wa juu yake hana pa kusimama. Nimehubiri juu ya mwili mmoja na viungo vingi, kutoka Wakorintho wa Kwanza sura ya 12, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kuisema hoja hiyo vizuri kama gogo lile.

Lakini kazi hiyo ililipiwa na mnunuzi wa mbali, na kwa mnunuzi wa mbali ndiko ilikokwenda. Watoto wa Kipaimara niliowafundisha Chiwata, nilipowauliza nani kati yao amewahi kugusa kinyago cha ujamaa, walioinua mkono walikuwa wawili. Na madhabahuni petu upo msalaba wa plastiki ulionunuliwa dukani, wenye Kristo wa rangi ya waridi, ilhali mwendo wa saa moja kwa miguu yuko fundi ambaye huchonga uso wa mtu ukadhani atakusemesha. Fundi huyo ni msharika wetu. Hakuna siku kanisa lilimwagiza kitu. Tulimwona kila Jumapili, tukapokea sadaka yake, na hatukuuliza mikono yake inajua nini.

Wapo waliouliza. Mwaka 1972, mtawa Mkatoliki wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Alichowapa vijana kilikuwa mahali pa kufanyia kazi, vifaa, na muda. Mmoja wa walioingia pale alikuwa George Lilanga, Mmakonde wa kusini huku kwetu, ambaye kwanza aliajiriwa kama mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa mchongaji. Kazi zake zikaonekana, akachonga, akachora, na hadi anafariki mwaka 2005 michoro yake ilikuwa imefika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Kila nikiisoma habari hiyo hujiuliza ni walinzi wangapi wa makanisa yetu wanaolala na kazi mikononi mwao kwa sababu hatujawapa hata meza.

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Wakatoliki. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka wajenge shule. Hoja yake ilikuwa ya mtunza hazina: mnatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja ili mji uwe salama, kwa nini msitumie sehemu yake kwa watoto? Na miongoni mwa mambo aliyosema angependa watoto wake mwenyewe wajifunze, aliutaja muziki. Miaka miwili baadaye mtawala mpya wa Saksonia, Johann, aliivunja kwaya ya jumba lake ili kupunguza gharama, na mwanamuziki Johann Walter akabaki hana kazi. Luther na Philipp Melanchthon wote wawili waliandika barua kumwombea. Fikiri mwaka huo, 1526: vita vya wakulima vilikuwa vimetoka kumalizika, makanisa hayana wachungaji wa kutosha, Matengenezo yenyewe yanayumba. Na baba zetu wa imani wakakaa chini kuandika barua kwa ajili ya mwalimu mmoja wa kwaya! Baadaye Walter aliongoza kwaya ya mji wa Torgau, ambamo raia wa kawaida na watoto wa shule waliimba pamoja. Kwaya zetu za mitaa ni wajukuu wa kwaya ile. Nilipoikumbuka barua hiyo, nikiwa nimekaa karibu na kinanda kilichofunikwa kanga, nilijisikia vibaya sana.

Mfano wa karibu zaidi uko Makumira, kule Arusha, kwenye chuo cha theolojia. Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja Mhaya, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka juu ya sauti ya kwao Buhaya. Mwalimu wake Howard Olson, Mmarekani, alikuwa akikusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika, na mwaka 1968 zikatoka katika kitabu cha Tumshangilie Mungu. Leo wimbo wa Kyamanywa unaimbwa na Walutheri wa Marekani na Ulaya ambao hawajui Bukoba iko wapi. Na ni sawa uimbwe. Una kiitikio ambacho asiyejua kusoma hukishika mara ya pili, na furaha yake haipigi kelele. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kanisa "linafadhili sanaa." Lakini mshahara wa mwalimu ulikuwa fedha, karatasi ilikuwa fedha, uchapaji ulikuwa fedha, na chakula cha mwanafunzi aliyekuwa na jioni ya kukaa na kutunga kilikuwa fedha ya sadaka za watu. Ingenunuliwa ala tu, pasingekuwa na wimbo.

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa kanisa tulilonalo, na naanza na mimi mwenyewe. Tunalipia chombo, hatumlipi mtu. Tunanunua spika, sare, na siku hizi kurekodi video ambamo waimbaji husimama kando ya maua wakifuatisha midomo. Vitu hivyo vinaonekana. Mgeni rasmi akija vitapigiwa makofi, na katika ripoti ya mwaka vina risiti. Mwalimu aliyekaa na vijana jioni mia moja hana risiti. Matokeo yake ni sauti kubwa na ushirika mdogo. Nimehudhuria sikukuu ya mavuno ambapo jenereta na spika vilizidi nguvu hata tulipokuwa tumekaa hatukusikiana tukiimba. Mchana huohuo, ibada ilipokwisha na mafuta ya jenereta yakaisha, kina mama walianza kupiga vigelegele na ndoo, na watu waliokuwa wanaondoka wakarudi. Walibaki mpaka jua linazama. Wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba la mikorosho nikawaona katika duara moja. Sisemi walipatana siku hiyo. Nasema walikuwa katika duara moja.

Haki inanitaka niseme pia kwamba fedha inaweza kuja na bado ikaharibu. Mkoani kwetu, tangu mwaka 2008, shirika la ADEA la Mtwara limeandaa tamasha la MaKuYa, jina lililotokana na Makonde, Makua na Yao. Nalipenda tamasha hilo. Limewafanya vijana wawaulize wazee hatua za ngoma walizokuwa karibu kuzisahau, na limewaweka makabila matatu uwanja mmoja bila kugombea nani mkubwa. Lakini kila tamasha, hili na mengine yote, lina mpaka wake: jukwaani ngoma hupewa dakika, kijijini hupewa usiku. Ndivyo ilivyokuwa kwa sindimba, iliyotolewa kwenye mazingira yake ikachezwa na kikundi cha taifa mbele ya wageni, hata wengi wakadhani ni kukatika viuno tu. Tamasha ni dirisha. Nyumba yenyewe ni pale watu wanapofundishana. Tukilipia dirisha tu, siku moja watu watachungulia na kukuta hakuna nyumba.

Vilevile kanisa likilipa huwa linataka kutawala. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi wana somo hapa. Askofu Vincent Lucas, askofu wao wa kwanza kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando kama wamisionari wengi walivyofanya kwingineko. Aliliingiza ndani ya kanisa, likawa na sala na mahali patakatifu. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na watoto wengi wa kusini hawakulazimika kuchagua kati ya kuwa Wakristo na kuwa watu wa kwao. Lakini jando hilo lilikuwa chini ya mkono wa mapadri, na wazee wa mila walipoteza sehemu ya nafasi yao. Tukilipia sanaa leo, tuwe waangalifu tusimnunue mzee pamoja na wimbo wake. Na tuseme wazi pia kile tusichokilipia: lolote linalojeruhi mwili wa mtoto au linalomtoa binti shuleni halipati shilingi ya madhabahu, hata likiitwa mila.

Sasa nirudi kwa mtunza hazina wetu, maana bila yeye makala hii ingekuwa maneno tu. Aliniambia, "Mchungaji, paa linavuja, na zahanati haina dawa. Utamwambiaje mjane kwamba sadaka yake imekwenda kwa ngoma?" Watu wengi wangemkimbilia Yuda katika Yohana 12, yule aliyelalamika kwamba marhamu ya Mariamu ingeuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Mimi sitafanya hivyo. Yohana anatuambia Yuda alikuwa mwizi. Mtunza hazina wetu ni mtu mwaminifu ambaye huongeza ya mfukoni hesabu zisipotosha. Swali lake linastahili jibu la heshima.

Jibu langu ni kwamba mjane hali dawa tu. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000, yakaonyesha kwamba kuimba, kucheza, kuchonga na kusimulia husaidia kuzuia maradhi, kutuliza huzuni na kuwatoa watu katika upweke. Ni vizuri wataalamu wamesema. Lakini mama yule wa Chiwata hakuhitaji tafiti. Aliupata wimbo siku aliyouhitaji, kwa sababu kuna watu waliokuwa wameutunza. Sisi tuliompa jina la Kristo tulikuwa tumeshindwa kumpa wimbo. Paa linalovuja hutulowesha siku ya mvua. Msiba ukikosa sauti, mtu hubaki amelowa kwa miaka.

Wala siombi paa lisubiri. Naomba sehemu ndogo, isemwe kwa jina lake katika makisio ya mwaka, isijifiche chini ya "mengineyo": posho ya mwalimu wa kwaya, kazi moja kwa mwaka kwa fundi wa hapahapa, awe mchongaji, mfinyanzi au msuka mikeka, na chakula cha siku ambazo wazee watakaa na vijana kuwafundisha nyimbo za kijiji, za mavuno, za kubembeleza watoto, na za kufariji. Waalikwe na jirani zetu wasio wa kanisa letu. Katika Kutoka sura ya 36, watu walileta vitu vingi mno kwa ajili ya kazi ya mafundi wa hema, hata Musa akatangaza waache kuleta. Sidhani baraza letu litapata shida hiyo. Lakini tuanze.

Tulikaa tena kikao kabla ya msimu uliopita. Niliomba radhi kwa uamuzi ule wa kinanda, nikasema ulikuwa wangu. Msalaba wa mpingo umeagizwa, na fundi alikataa kupangiwa bei mpaka kwanza aje apime ukuta. Mwalimu wa kwaya nimempigia simu. Amesema atafikiri, na sina haki ya kumharakisha. Kisha nilikwenda kwa bibi yule aliyeimba karibu na mafiga, nikamwomba awafundishe vijana wetu. Akaniuliza, "Mtanipa nini?" Nikasema atuambie yeye. Akataja unga, sukari, na kanga moja.

Niliporudi nikamweleza mtunza hazina. Alicheka kidogo, kisha akafungua daftari akaandika. Ndugu msomaji, nakuomba nawe ufungue daftari la mtaa wako, utafute mstari huo. Kama haupo, uliza waimbaji wenu wako wapi.